Gari-nyumba Liwafaalo Wazazi na Watoto: Nasaha kwa Wanaotaka Kununua

Miongoni mwa maswali yanayorejea kwetu kila likizo ya kiangazi inapokaribia, hasa kutoka kwa wasomaji waishio Uingereza, Ujerumani na Uholanzi pamoja na watoto wao, hakuna linalorudiwa zaidi kuliko hili: ni gari-nyumba la aina gani limfaalo mtu mwenye ahali, na fedha iliyowekwa akiba kwa miaka mingi itumike kununua vani ndogo au jumba kubwa la magurudumu? Swali hili ni la haki, kwa kuwa bei ya vyombo hivi ni ghali, wauzaji ni hodari wa maneno, na mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja hakuzaliwa katika nyumba yenye chombo cha namna hii hata awe na mazoea ya kukihukumu kwa jicho.

Jawabu letu ni fupi, na yote yatakayofuata ni sherehe yake: hesabu kwanza viti vyenye mikanda ya usalama, pima uzito pili, na vitanda viwe jambo la tatu. Aghalabu ya wanunuzi huanza kinyume. Huvutwa na kitanda kipana, makochi laini na taa za dari, wakatoa fedha, kisha wakagundua siku ya safari ya kwanza kwamba mtoto mmoja hana mahali halali pa kukaa gari likiwa mwendoni, au kwamba gari limepita uzito wake kabla hata ya chakula kupakiwa.

Maswali sita ya kujibu kabla ya kwenda dukani

Kaeni nyumbani, mume na mke na watoto waliofikia umri wa kushauriwa, mkaandike majibu ya maswali haya kwa kalamu, kwa maana jawabu lisiloandikwa hubadilika mara tu mtu anapoona gari linalong'aa.

1. Ni watu wangapi watakaosafiri daima, na ni wangapi watakaokuja mara moja tu kwa mwaka?
2. Watoto wana umri gani leo, nao watakuwa na umri gani baada ya miaka 5?
3. Ni nani atakayeendesha, na leseni yake inamruhusu kuendesha gari la uzito gani?
4. Gari litalazwa wapi siku ambazo halisafiri, na je, mahali hapo panatosha kwa urefu, upana na kimo?
5. Mtasafiri kiangazi peke yake, au hata katika baridi ya Desemba?
6. Je, gari hilihili litatumika kwenda kazini na shuleni, au litakuwa la safari tu?

Mwenye majibu ya maswali haya amekwisha kuvuka nusu ya njia, na muuzaji hatamyumbisha kwa wepesi.

Viti kwanza, vitanda baadaye

Katika tangazo la kuuza gari-nyumba utasoma kwamba linalaza watu 6, na maneno hayo yatakuwa kweli. Lakini kulaza watu 6 si kuwabeba watu 6. Yako magari yenye vitanda 6 na viti 4 tu vyenye mikanda, na yako mengine yenye viti 5 na vitanda 4. Idadi unayoitafuta ni ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili, kwa sababu hakuna faida ya kitanda kwa mtoto asiyeweza kufikishwa kambini kwa salama.

Baada ya kuhesabu viti, vikague kimoja kimoja:

- Mkanda wa sehemu tatu. Tafuta mkanda unaopita begani na kiunoni. Magari ya zamani huwa na mkanda wa kiunoni peke yake katika viti vya nyuma, na viti vingi vya watoto haviwezi kufungwa barabara kwa mkanda huo.
- Kiti kinachotazama mbele. Viti vya watoto havikutengenezwa kwa benchi linalotazama ubavuni. Benchi hilo ni la kunywea chai gari likiwa limesimama.
- Vishikio vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto. Usimsadiki anayekuambia vipo. Inua mto wa kiti uvione, tena uhesabu ni viti vingapi vinavyo.
- Nafasi ya kiti cha mtoto chenyewe. Chukua kiti chako uende nacho dukani, ukifunge hapohapo. Viti viwili vipana mara nyingi havitoshei ubavu kwa ubavu katika benchi la gari-nyumba.

Sheria nayo ina neno lake. Uingereza, mtoto hutakiwa kukaa katika kiti cha mtoto hadi afikie umri wa miaka 12 au kimo cha sentimeta 135, lolote litakalotangulia. Ujerumani kimo hicho ni sentimeta 150. Basi mwenye watoto watatu walio chini ya umri huo anahitaji nafasi tatu zinazokubali viti hivyo, na sharti hili peke yake litamwondolea nusu ya magari aliyoyatamani. Asihuzunike, kwa kuwa hayo yaliyoondoka hayakuwa yake tangu awali.

Uzito: mahali ambapo wengi hujikwaa

Magari-nyumba mengi yanayouzwa kwa familia Ulaya yameandikishwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500, yaani tani tatu na nusu, kwa sababu huo ndio mpaka wa leseni ya kawaida ya daraja B. Uingereza, aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida ana ruhusa ya daraja C1, nayo humfikisha tani 7.5; aliyefaulu baada ya hapo hana budi kufanya mtihani mwingine. Zaidi ya hayo, mgeni anayeendesha kwa leseni ya Kenya au Tanzania akumbuke kwamba leseni hiyo ina muda wake: mkazi mpya wa Uingereza huruhusiwa kuitumia kwa miezi 12, na wa Ujerumani kwa miezi 6.

Sasa tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa bila ya hesabu maneno haya hayatamnufaisha mtu. Chukua gari la mfano lenye mpaka wa kilo 3,500, ambalo karatasi zake zasema kwamba likiwa tayari kwa safari lina kilo 3,050. Ndani ya idadi hiyo ya pili dereva amekwisha kuhesabiwa kwa kilo 75. Basi zimebaki kilo 450 za mzigo, na kilo 450 masikioni ni nyingi. Tazama zinavyokwenda:

- Mama na watoto watatu: kilo 160
- Baiskeli nne na kibebeo chake: kilo 65
- Chakula, sufuria na vyombo: kilo 60
- Nguo, mablanketi na matandiko: kilo 60
- Turubai la kivuli la ubavuni: kilo 25
- Betri ya ziada: kilo 25
- Meza na viti vya nje: kilo 25

Jumla ni kilo 420, na zilizobaki ni 30. Lakini hesabu haikwisha, kwa kuwa watengenezaji wengi huandika uzito wa gari kana kwamba tangi la maji lina lita 20 tu. Ukilijaza tangi la lita 100 umeongeza kilo 80, na papo hapo umevuka mpaka kwa kilo 50. Fauka ya hayo, kanuni za Ulaya zinaruhusu uzito ulioandikwa utofautiane na uzito halisi kwa asilimia 5, nayo kwa gari hili ni kilo zipatazo 150 ambazo huenda zimekwisha kuliwa kabla hujapakia hata kijiko.

Kwa hiyo fuata hatua hizi:

1. Mwombe muuzaji uzito halisi wa gari hilohilo, si wa gari jingine la jina moja nalo.
2. Uliza kila kilichoongezwa kiwandani au baadaye: turubai, dishi la televisheni, hita ya ziada, ndoano ya kuvutia trela. Kila kimoja kina kilo zake.
3. Mkiweza, lipelekeni gari penye mizani ya magari kabla ya kulipa, mkalipime zima, kisha ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali; gari laweza kuwa chini ya mpaka kwa jumla huku ekseli ya nyuma imeelemewa.
4. Usikubali chini ya kilo 400 za mzigo wa kweli kwa watu wanne, na kwa watu watano au sita tafuta zaidi.

Yuko atakayesema, "Nani atakayenipima njiani?" Polisi wa Ujerumani, Austria na Uswisi hupima, na aliyezidisha hutozwa faini na huweza kuamriwa ashushe mizigo palepale. Lakini hata asiyepimwa na mtu hupimwa na breki zake mteremkoni na tairi zake katika joto la mchana, na bima yaweza kukataa dai la aliyepakia kupita kiasi.

Na ukiamua kuvuka kilo 3,500 kwa hiari yako, kwa kuwa leseni yako yaruhusu, jua gharama zinazofuatana nayo: Austria hutalipa barabara kuu kwa stika ya kawaida bali kwa kifaa kinachohesabu kila kilomita, na katika barabara kuu za Ujerumani mwendo wako hautazidi kilomita 100 kwa saa.

Aina tano, na wanaofaliwa na kila moja

*Vani ndogo yenye paa la kuinuliwa.* Mfano wake mashuhuri ni Volkswagen California, ambayo katika matoleo yaliyojengwa juu ya vani ya Transporter ilikuwa na kimo cha mita 1.99 na tangi la maji la lita 30. Huingia mahali pengi penye vizuizi vya mita 2, huendeshwa kama gari la kila siku, nayo yafaa kwa wazazi na watoto wawili wadogo wanaosafiri kiangazi. Upungufu wake ni kwamba kwa kawaida haina chumba cha choo, na siku ya mvua watu wanne humo hugusana magoti. Kitambaa cha paa nacho huingiza baridi na kelele.

*Vani kubwa iliyogeuzwa nyumba.* Nyingi zimejengwa juu ya Fiat Ducato, yenye urefu wa mita 5.41, 5.99 au 6.36. Bodi ni ya chuma cha kiwandani, hivyo maungo yanayoweza kupenywa na mvua ni machache. Na kwa kuwa upana wake ni mita 2.05 tu, hupita vijijini bila ya taabu. Aghalabu ina viti 4. Kitanda chake hulazwa kwa upana wa gari, basi baba mwenye kimo cha kupita mita 1.85 na alale humo kabla ya kununua. Yawafaa wazazi wenye mtoto mmoja au wawili, ila chagua yenye vitanda vinne vya kweli, si viwili na ahadi.

*Gari la bodi lenye paa la chini.* Hapa kiwanda huchukua kichwa cha vani, kikakijengea nyuma nyumba yenye upana wa kiasi cha mita 2.3. Ndani mna nafasi ya kupishana, na baadhi yake yana kitanda kinachoshuka kutoka darini usiku. Tahadhari moja: mengi yametengenezwa kwa wanandoa ambao watoto wao wamekwisha kuondoka nyumbani, ndiyo sababu kitanda cha nyuma kimepewa enzi yote na viti vya watoto vikapewa mabaki.

*Gari la bodi lenye kitanda juu ya dereva.* Hili ndilo lililokusudiwa familia tangu mwanzo: wawili hulala juu ya dereva, wawili nyuma katika vitanda vya ghorofa, na wawili katika meza inayogeuzwa kitanda, na mara nyingi viti vyenye mikanda ni 5 au 6. Kimo chake hupita mita 3, hukamata upepo, hunywa mafuta zaidi, na pembe za kile chumba cha juu ndipo maji ya mvua hupenda kupenya. Pamoja na hayo yote, kwa mwenye watoto watatu au wanne ndilo la kwanza kutazamwa, na bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko uzuri wake unavyostahili.

*Gari la bodi zima.* Hapa kiwanda hakikukiacha hata kichwa cha vani. Bodi yote ni yake, na kioo cha mbele ni kipana mno. Lina nafasi, joto na kitanda kizuri juu ya viti vya mbele. Lakini ni zito na ghali, kioo chake kikipasuka ni msiba wa fedha, na baadhi hayana mlango wa dereva. Mwenye watoto wadogo na leseni ya tani 3.5 asilikimbilie.

Vitanda: vilaleni kabla ya kuvinunua

Tofautisheni kitanda kilicho tayari na kitanda cha kuundwa kila usiku. Kuunda kitanda kutokana na meza na mito si kazi ngumu mara moja. Ni udhia mkubwa usiku wa kumi, mvua inanyesha, mtoto amekwisha kusinzia, na vyombo vya chakula cha jioni vingali mezani. Kanuni yetu ni kwamba watoto wanaolala mapema wapewe vitanda vilivyo tayari, hata kama wazazi itawabidi waunde chao kila usiku.

- Kitanda cha juu kiwe na wavu au ubao wa kuzuia, na mtoto aliye chini ya miaka 6 asilazwe humo.
- Soma kikomo cha uzito kilichoandikwa kando ya vitanda vya ghorofa. Mtoto wa leo mwenye kilo 25 atakuwa na kilo 55 kabla gari halijachakaa.
- Pima urefu kwa utepe. Mvulana wa miaka 9 atakuwa kijana mrefu katika miaka 5, na kitanda cha sentimeta 170 hakitanyooshwa kwa huruma.
- Jaribu kutoka kitandani kwenda chooni bila ya kumwamsha mtu. Kama hapana njia, usiku mmoja tu utatosha kuwakosanisha.

Na kama bibi hufika kila mwaka kutoka Pemba au Lamu kuwatazama wajukuu, naye amezoea kwenda nanyi, kitanda chake kiwe cha chini, karibu na choo, na ngazi ya mlangoni iwe na mkono wa kushikia. Kumpandisha mzazi wa miaka 70 ngazi ya kitanda cha juu ni kumvunjia heshima na kumhatarisha kwa pamoja.

Maji, choo na jiko kwa desturi zetu

Vitabu vya wauzaji havisemi habari hizi, maana havikuandikwa kwa ajili yetu, lakini nyumba inayotawadha mara tano kwa siku na kutumia maji msalani haina hesabu moja na nyumba isiyofanya hivyo.

- Tangi la maji safi. Kwa watu watano wenye desturi hizi, lita 100 ni kiasi cha chini. Zoezi jema ni kutawadha nyumbani kwa chupa ya lita 1, ili kila mtu ajue kiasi kinachotosha.
- Tangi la choo. Hili huchomolewa kwa nje na kwenda kumwagwa mahali maalumu, nalo kwa kawaida hubeba lita 17 hadi 20. Maji ya kuchambia hulijaza upesi, hivyo huenda mkalimwaga kila siku. Nunua tangi la pili la akiba kama gari lina mahali pa kuliweka, na mkiwa kambini tumieni vyoo vya kambi mchana.
- Mahali pa kuswalia. Ujia wa ndani ni mwembamba, na kibla katika Ulaya ya magharibi huelekea kusini-mashariki, huku gari huenda likaegeshwa popote. Turubai pana la ubavuni, lenye mkeka chini yake, litawafaa zaidi kuliko makochi ya umbo la herufi L.
- Jiko. Chukueni sufuria yenu kubwa hadi dukani. Meko nyingi zina matundu matatu yaliyobanana, na kitako cha sufuria ya pilau huyafunika yote. Kusonga ugali juu ya wavu mwepesi kwataka mtu wa kushika masikio ya sufuria. Vya kukaanga vipikwe nje, kwa kuwa mafuta na harufu ya samaki vikiingia magodoroni havitoki.
- Gesi. Butani huacha kugeuka mvuke baridi inapofikia nyuzi 0, ilhali propani hufanya kazi hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Anayesafiri majira ya baridi achukue propani.

Onyo hili lisomwe na kila mtu nyumbani: msiingize jiko la mkaa ndani ya gari wala chini ya turubai lililofungwa, si kwa kupikia wala kwa kuota moto, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na imeua familia nzima usingizini. Msizibe matundu ya hewa ya sakafuni na darini kwa kuogopa baridi. Fungeni king'ora cha hewa hiyo ya sumu na king'ora cha moshi siku ileile mnayolipokea gari.

Ukinunua lililotumika

Adui mkubwa wa gari-nyumba kuukuu ni maji yanayopenya ndani ya kuta na kuozesha mbao, na ukarabati wake waweza kuzidi thamani ya gari lenyewe.

1. Ingia ndani likiwa limefungwa tangu usiku, ukanuse. Harufu ya ukungu haidanganyi, na harufu kali ya manukato nayo ina sababu yake.
2. Bonyeza kwa kidole pembe zote, kandokando ya madirisha, chini ya matundu ya paa na ndani ya makabati ya juu. Panapobonyea pameoza.
3. Dai ukaguzi wa kifaa cha kupimia unyevu. Chini ya asilimia 15 ni salama; kati ya 15 na 30 pachunguzwe; zaidi ya 30 pana uharibifu.
4. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari-nyumba husimama sana, na tairi hupasuka kwa uzee hali kashata zake zingali nzima.
5. Washa kila kitu kwa nusu saa: friji kwa gesi na kwa umeme, hita, maji ya moto, pampu na taa.
6. Mkazi wa London aulize daraja la injini. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 mji mzima umo katika eneo la hewa safi, na gari la dizeli lisilozidi tani 3.5 lisilofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea humo.

Shaka mnazotuandikia

*"Si heri kununua kubwa kabisa, watoto wanakua?"* Watoto wanakua, lakini vilevile huacha kusafiri na wazazi. Nunua kwa miaka 5 ijayo, si kwa 15. Kijana wa miaka 15 hufurahi kupewa hema lake dogo ubavuni mwa gari, maadamu mko kambini. Katika maegesho maalumu ya magari-nyumba ya Ufaransa na Ujerumani hema kwa kawaida halikubaliwi.

*"Je, trela la kuvutwa si rahisi zaidi?"* Kwa bei, ni rahisi, na mkifika mwaliacha kambini mkatembea kwa gari dogo. Uingereza, tangu Desemba 2021, mwenye leseni ya daraja B aweza kuvuta trela la hadi kilo 3,500. Lifikirieni kwa insafu ikiwa mtakaa mahali pamoja wiki nzima. Ikiwa mtahama kila siku, gari-nyumba lina raha zaidi. Lakini jueni kwamba hakuna ruhusa ya mtu kukaa ndani ya trela linapovutwa.

*"Tukiwa na gari-nyumba, si tutalala popote bila ya kulipa?"* La. Hata Scotland, ambako sheria ya ardhi ya mwaka 2003 huwapa watu uhuru mpana wa kupita na kupiga kambi, uhuru huo hauhusu vyombo vya moto. Wekeni ada za kambi katika hesabu yenu, pamoja na bima, ukaguzi wa kila mwaka na mahali pa kuegesha.

*"Muuzaji asema bei hii ni ya leo tu."* Basi mwache na leo yake. Magari hayakwisha duniani.

Kodini kabla ya kununua

Baada ya kupunguza orodha yenu hadi aina moja au mbili, kodini gari la aina hiyo kwa siku nne, wala msichague siku za jua peke yake. Nendeni Oktoba, mvua ikinyesha, pamoja na watoto wote, mkapike, mkaoge, mkaswali na mkalale humo. Na kila jioni kila mmoja aseme jambo moja lililomtaabisha, mdogo kabla ya mkubwa, ili wadogo wasifuate kauli za wakubwa. Ada ya kukodi itaonekana kuwa nyingi, lakini ni akali mno ikilinganishwa na hasara ya kununua gari lisilofaa na kuliuza baada ya mwaka mmoja.

Mkirudi, rejeeni yale majibu sita mliyoyaandika, mkayasahihishe kwa yale mliyoyaona. Kisha nendeni dukani na viti vya watoto, sufuria kubwa, utepe wa kupimia na karatasi ya hesabu ya uzito. Muuzaji mwema atawasubiri mpaka mmalize kufunga viti na kupima vitanda. Asiyesubiri, muageni kwa staha mkatafute mwingine. Na gari litakaloshinda mtihani huo lichukueni bila ya kuona haya, hata kama ni la zamani, la kimo kirefu na lisilopendeza kama la jirani, kwa kuwa litawabeba nyote kwa salama, na hilo ndilo sharti ambalo gari la bei yoyote lisilolitimiza halifai kununuliwa.